Kuku Aliyevuliwa Kanzu: Kwa Nini Unga Hauishiki Nyama Karaini



Ndugu msomaji, najua wako watakaolisoma jina la makala haya wajiulize: sheikh na karai ni wapi na wapi? Mmezoea kunisoma hapa nikieleza habari za mirathi, za malezi na za haki ya jirani. Leo nimekusudia kueleza habari za kuku wa kukaanga, na kwa nini unga tunaomvisha humvuka akiwa karaini. Sioni haya kufanya hivyo. Elimu ya chakula haikudharauliwa na waliotutangulia. Mjini Baghdad, mwaka 1226, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi alitunga kitabu kizima cha upishi, na humo akakitanguliza chakula mbele ya starehe nyingine zote alizozitaja.

Lakini kilichonishikisha kalamu si kitabu hicho. Nina deni, na deni hili lilianza mbele ya watu, basi ni haki lilipwe mbele ya watu.

Futari ya wageni sita

Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, niliwaalika nyumbani wenzangu sita wa msikitini tufuturu pamoja. Asubuhi nilimwambia mama watoto kwamba wageni wangependa kuku wa kukaanga wa unga, yule mwenye ganda la manjano kama viazi karai. Akaniambia, "Nitilie kuku mapema, Maalim." Nikamwitikia, kisha nikatoka na shughuli zangu. Darsa ikanishika, na baada ya darsa mazungumzo. Nilipomkumbuka kuku ilikuwa alasiri imekwisha kuzeeka. Nikaingia duka la kwanza nililolikuta, nikanunua kuku wawili wa gredi waliotolewa kwenye friza, wagumu kama mawe, nikawafikisha nyumbani saa kumi na moja. Magharibi ilikuwa imebakisha saa moja na nusu.

Futari ilipoandikwa, kila kitu kilikuwa mahali pake: uji wa pilipili manga, tambi, mkate wa sinia, kaimati, sambusa. Akaletwa kuku. Ganda lilikuwa upande mmoja wa sahani na nyama upande wa pili. Vipande vingine vilikuwa vitupu kabisa, vyeupe, na vingine vilining'iniza unga kama nguo iliyochanika. Wageni hawakusema neno, kwani walikuwa watu wenye adabu. Mimi ndiye niliyesema. Nilikishika kipaja kimoja, nikakiinua juu, nikawaambia, "Jamani, leo tumeletewa kuku aliyevuliwa kanzu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Baina yetu na jikoni palikuwa na pazia tu.

Mama watoto hakunitajia jambo lile usiku ule, wala kesho yake. Ila tangu siku ile hakupika tena kuku wa unga. Nikimtaka, hunijibu kwa upole, "Huyo umtakaye yuko kwa wauzaji, Maalim. Wao ndio wamjuao." Nikadhani ni uvivu wa jambo dogo. Mimi niliyewasomesha watu mara ngapi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata hata siku moja kukitia ila chakula; akikipenda hukila na asipokipenda hukiacha. Nilikuwa nikiisomesha hadithi hiyo, kumbe mezani kwangu sikuwa nimeifika.

Zamu yangu jikoni

Mwaka uliofuata mama watoto alisafiri kwenda kumuuguza mamake, akakaa huko wiki tatu. Nikabaki na watoto. Siku za mwanzo tulikula vya kununua, kisha mfuko ukaniambia niingie jikoni. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na miaka tisa, akataka kuku wa unga. Nikasema, kuna nini cha shida? Unga ni unga na mafuta ni mafuta.

Nikamkata kuku, nikamwosha kwa ndimu, nikakoroga unga wa ngano kwa maji na manjano, nikachovya, nikatia karaini. Mafuta yakachachamaa na kurusha matone mpaka ukutani. Nilipogeuza kipande cha kwanza, ganda lilibaki chini ya karai na nyama ikaja juu peke yake. Cha pili vilevile. Nikazidisha unga ili rojo liwe zito. Safari hii ganda likatoka zima, kama kofia. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza bila ubaya wowote, "Baba, naye huyu kavuliwa kanzu?"

Kumbe maneno yangu yalikuwa yamekaa nyumbani mwaka mzima, hata mtoto ameyahifadhi.

Jioni ile nilikwenda kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, ambaye ameuza viazi karai na kuku barazani kwake tangu mimi ni kijana. Nikamweleza msiba wangu. Hakuniuliza habari ya unga. Aliniuliza, "Kuku wako alitoka wapi, na alitoka saa ngapi?" Nikamwambia alitoka kwenye friza, nikamtia maji ya moto ayeyuke, nikamkata, nikamwosha, nikamchovya.

Akasema, "Basi huyo hukumvisha unga, mwanangu. Umeyavisha maji."

Nikasimama pale barazani nikahesabu. Kuku mgumu kama jiwe. Saa kumi na moja. Hakuna wakati wa kuyeyuka, hakuna wakati wa kukauka. Yule kuku wa wageni alivuliwa kanzu nami mwenyewe, tangu dukani, kabla hajafika mikononi mwa mama watoto.

Adui ni maji

Niliyojifunza kwa mama yule, na niliyoyahakikisha baadaye kwa kusoma na kwa kujaribu, yote yanarejea katika jambo moja: ganda halivuki kwa sababu ya unga, huvuka kwa sababu ya maji yaliyo baina ya unga na nyama.

Tazama linalotendeka. Mafuta ya kukaangia yaliyopata moto wake hufika nyuzi 170 hadi 180 za selsiasi. Maji, katika mji ulio usawa wa bahari kama yetu, huchemka kwa nyuzi 100. Kipande chenye maji kikiingia karaini, maji yale hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Mvuke huo ukiwa juu ya ganda huondoka zake. Huo ndio mchachamao tunaousikia. Ukiwa chini ya ganda, hauna njia ila kulisukuma. Ganda huvimba, huachana na nyama, na ukiligusa kwa upawa huanguka.

Ndiyo maana kuzidisha uzito wa rojo, kama nilivyofanya mimi, si dawa. Rojo zito huufungia mvuke njia zaidi, kwa hiyo ganda hutoka zima badala ya kutoka vipande. Mwenye kutafuta dawa na aitafute kwenye nyama kabla ya kuitafuta kwenye bakuli la unga.

Maji hayo huingia kwa milango minne. Mlango wa kwanza ni barafu: nyama iliyogandishwa ikiyeyuka hutoa maji kwa muda mrefu, hata baada ya kuonekana imelainika. Wa pili ni kuosha na kutochuja. Wa tatu ni viungo vya majimaji, kama ndimu, siki na mtindi, visipopanguswa. Wa nne husahauliwa na wengi, nao ni chumvi. Ukiitia nyama chumvi ukaiacha, baada ya dakika 10 au 15 utaona matone yamejitokeza juu yake, kwa kuwa chumvi huyavuta maji kutoka ndani. Chumvi si kosa. Kosa ni kuchovya wakati matone yale yangalipo.

Tena ipo ngozi ya kuku. Ngozi ina mafuta na ni laini, na unga hauna pa kushika juu ya kitu cha mafuta. Ama uiondoe, ama uichanje kwa kisu mistari midogo midogo.

Unga mkavu kabla ya unga wa maji

Aliyepata kumtazama fundi wa lipu atalifahamu jambo hili kwa wepesi. Fundi hapaki lipu juu ya ukuta laini ulioteleza. Kwanza huukwaruza, au huurushia tabaka nyembamba la kukwaruzika, kisha ndipo lipu yenyewe hupata pa kujishikiza. Nyama nayo yataka tabaka lake la kwanza, nalo ni unga mkavu.

Baada ya kuikausha nyama kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni, ivingirishe katika unga mkavu, uikung'ute mpaka ubaki utando mwembamba tu. Unga huo hufyonza unyevu mdogo uliosalia na kuwa kama gundi: upande mmoja umeshika nyama, upande wa pili unalingoja rojo. Ngoja dakika 5 mpaka unga uonekane umelowa kidogo na hauruki tena ukiugusa, ndipo uchovye. Mwenye kuuacha unga mwingi usiokung'utwa hujirejeshea balaa ileile, kwani unga mkavu uliokaa tabaka nene hutengana katikati, nusu ikabaki kwenye nyama na nusu ikaenda na ganda.

Wanga wa mahindi, yaani ule unga mweupe laini wa pakiti ndogo na si unga wa sima, ukichanganywa na unga wa ngano katika hatua hii hufyonza vizuri zaidi na kulipa ganda ukavu wake. Ama unga wa dengu, wanaoujua wauzaji wetu wa bajia na viazi karai, huutia mikono rojo likashikamana, tena huleta ladha ambayo unga wa ngano peke yake hauna.

Yai nalo lina kazi yake. Likipata moto wa nyuzi 60 na kitu huanza kuganda, na likiganda hufunga lililo karibu nalo. Kwa hiyo rojo lenye yai hushika upesi, kabla mvuke haujapata nguvu. Katlesi zetu zinategemea jambo hilihili: viazi vilivyopondwa na kima ndani, kisha yai nje. Nazo zikipasuka karaini, mara nyingi kosa si la yai. Viazi vilipondwa vikiwa na maji. Virejeshe sufuria yake motoni dakika mbili baada ya kumwaga maji, uvitikise mpaka vikauke, utaona tofauti.

Namna ninayopika mimi hivi sasa

Kwetu pwani wengi humchemsha kuku kwanza, kisha ndipo wakamkaanga. Ni desturi yenye hekima. Kipande kinene cha kuku mbichi chenye rojo huweza kuiva nje kikawa chekundu na huku ndani karibu na mfupa kingali na damu. Kuku ni lazima aive hadi ndani kabisa, na wataalamu wa afya huweka kipimo cha nyuzi 74 katikati ya nyama. Akishachemshwa, kazi ya karai hubaki kuliivisha ganda tu.

Kwa kuku mmoja wa vipande 8, chukua:

Kwa kuchemshia: kitunguu thomu na tangawizi vilivyopondwa kijiko kimoja kikubwa, maji ya ndimu moja, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kiasi.

Kwa unga mkavu: nusu kikombe cha unga wa ngano, vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi, chumvi kidogo.

Kwa rojo: kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo kikombe ya unga wa dengu, yai moja, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga upendavyo, majani ya dania yaliyokatwa madogo sana, chumvi, na maji ya baridi.

Ikiwa kuku alikuwa kwenye friza, mshushe usiku kwenye friji, ndani ya bakuli, apate kuyeyuka taratibu. Usimwache juu ya meza kutwa. Joto la kwetu halina subira na nyama. Mchemshe kwa maji kidogo na moto wa wastani mpaka aive lakini asiachane na mfupa. Mtoe, umtandaze kwenye chujio au sinia, vipande visigusane. Supu usiimwage, ina kazi katika wali.

Hapa ndipo pa kusubiri, na ndipo wengi tunapokosea. Kipande cha moto hutoa mvuke chenyewe hata kabla ya kuiona karai. Kiache nusu saa mpaka kipoe na kikauke juu, kisha ukipanguse kwa kitambaa, hasa chini ya bawa na penye mikunjo. Ukitaka kukiacha muda mrefu zaidi, kitie kwenye friji bila kukifunika. Hewa ya baridi hukausha vyema. Nje kisizidi saa mbili, na siku za joto kali isizidi saa moja.

Koroga rojo lako. Anza na robo tatu za kikombe cha maji, kisha uongeze kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: chovya kijiko, upitishe kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi, rojo limefaa. Ukijifunga mara moja, ni jepesi. Rojo likishuka kwa mabonge, ni zito. Usilikoroge sana, kwa maana unga wa ngano ukisumbuliwa huvutika kama mpira na ganda huwa gumu. Wako wanaotumia soda ya maji isiyo na sukari badala ya maji ya kawaida, ili mapovu yalipe ganda wepesi. Katika nchi za Ulaya wapishi wengi wa samaki hutumia pombe kwa kusudi hilohilo. Sisi tuna maji yetu ya mapovu na hatupungukiwi na kitu.

Pasha mafuta. Asiye na kipimajoto na adondoshe tone la rojo: likizama likakaa chini, mafuta bado, likizama kisha likapanda upesi huku likichemka, ni tayari, likiungua papo hapo, punguza moto. Vingirisha kipande katika unga mkavu, kikung'ute, kingoje, kichovye, kiinue mpaka rojo la ziada lidondoke, kisha kitelezeshe karaini taratibu kutoka pembeni, kikielekea mbali nawe.

Baada ya hapo, mkono wako uwe na subira. Usikiguse kwa dakika mbili za mwanzo. Ganda lililo bichi halina nguvu, na upawa ukiligusa hulichana. Likishakuwa gumu litajiachilia lenyewe kutoka chini ya karai, nawe utaligeuza bila vita. Wala usijaze karai. Vipande vingi kwa pamoja huyapoza mafuta; mafuta yaliyopoa hayaliivishi ganda kwa haraka, bali hulilowesha, likawa zito na kuvuka. Vipande vitatu au vinne kwa karai ya wastani vinatosha.

Ukitoa, viweke juu ya wavu wa waya au chujio ili hewa ipite chini. Ukivilundika sahanini juu ya karatasi na kuvifunika, mvuke wake mwenyewe utalirejesha ganda katika unyevu, na kazi yako yote ya kukausha itakuwa imepotea.

Kwa samaki, hapana haja ya kuchemsha. Minofu huiva upesi pamoja na ganda lake. Lakini ikaushe zaidi kuliko kuku, kwani samaki ana maji mengi, na uitie chumvi dakika chache tu kabla ya unga. Nyama ya ng'ombe ichemshwe kama kuku mpaka ilainike, au ikatwe vipande vyembamba sana.

Kwa wanaouza

Miongoni mwa wasomaji wetu wamo akina mama na mabinti wanaoweka meza zao barazani, hasa mwezi wa Ramadhani, na riziki ya nyumba hutoka hapo. Kwao ganda linalovuka ni hasara. Unga, yai na viungo hubakia karaini vikiungua. Vikiungua huyatia mafuta weusi na uchungu. Mafuta yakiharibika hununuliwa mengine. Baina ya mkaango mmoja na mwingine, zoa chenga kwa upawa wa matundu. Mafuta yakishapoa, yachuje kwa kitambaa. Yakiwa meusi, yakatoa povu au harufu, yaache. Usimlishe mtu kitu ambacho usingempa mwanao.

Na liko jambo ambalo siwezi kuandika habari hizi nikalipita. Wapo waliogundua kwamba ganda nene huficha kipande chembamba. Mnunuzi huona kipaja kikubwa, akikiuma hukuta unga mtupu na mfupa. Tunayo hadithi ya mtu aliyekuwa na rundo la chakula sokoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani yake vidole vikapata unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha yakafuata yale maneno mazito juu ya mwenye kudanganya. Kila nionapo maji chini ya ganda, hadithi hiyo hunijia. Bibi mwenye kuuza, ganda lako liwe la kuipamba nyama, lisiwe la kuificha.

Tahadhari ya moto

Karai ya mafuta na watoto ni vitu visivyofaa kukaa chumba kimoja. Mafuta yasizidi nusu ya karai. Mpini uelekezwe ndani, si nje anapopita mtoto. Na mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe. Mvuke ule tuliousema utayarusha yakiwaka mpaka darini. Zima jiko, funika karai kwa kifuniko au sinia ya chuma, uache mpaka ipoe kabisa. Usijaribu kuibeba.

Kulipa deni

Mama watoto aliporudi kutoka kumuuguza mamake, alinikuta nimeshapika. Niliweka sahani mbele yake. Akakitazama kipande, akakigeuza, akakibonyeza kwa kidole kama afanyavyo mtu anayekagua tunda. Ganda halikutoka. Akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia. Kisha nikamwambia yale niliyoyahesabu barazani: kuku wa barafu, saa kumi na moja, na pazia. Nikamtaka radhi.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilijua siku ileile kwamba ni maji. Sikuwa na wakati wa kuyatoa." Hakuongeza neno. Hilo lilinichoma kuliko lau angenilaumu, kwa maana nilifahamu kwamba kwa mwaka mzima alikuwa na jibu, akalificha ili asiniaibishe mbele ya watu kama mimi nilivyomwaibisha.

Ramadhani iliyofuata nikawaalika wale wenzangu sita. Kuku aliletwa, mwenye kanzu yake kamili. Kabla hatujanyoosha mikono nikawakumbusha maneno yangu ya ule mwaka, nikawaeleza nani aliyekuwa na kosa. Mmoja akacheka. Mwengine, mtu mzima kuliko sote, akaweka tende yake chini, akasema kwamba naye ana maneno kama hayo nyumbani kwake, ila yake ni ya pilau.

Ndugu zangu wanaume, nadhani si sisi wawili tu. Chakula hutufikia mezani kikiwa kimepita mikono mingi, na mkono wa mwisho ndio tunaouona, basi ndio tunaoulaumu. Anayeona ganda limevuka na ajiulize kwanza nani aliyenunua kuku, na alimfikisha saa ngapi.

Na usiku huu, kama kesho mnatazamia wageni, mshusheni kuku kutoka kwenye friza kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiq.